Kodi ya Mapato kwa Mwandaaji wa Ritani Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Arusha na Moshi

Maswali haya yametoka kwa vijana wanaojifunza kazi ofisini kwetu Arusha, wengi wao wahitimu wa Chuo cha Uhasibu pale Njiro, na kwa wenzetu wa Moshi wanaopiga simu wiki ya mwisho ya Machi na wiki ya mwisho ya Juni. Sheria kubwa ni mbili: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015. Sheria ya Fedha huzigusa kila mwaka, na mabadiliko huanza Julai 1. Kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu, angalia kiwango cha mwaka unaouandalia ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi inayopelekwa serikalini. Viwango vya mishahara vilivyomo humu ni vile vilivyoanza Julai 2021.

## Maneno ya kwanza

1. Mteja akisema "nimelipa kodi", niandike nini?

Usiandike kitu. Muulize kodi ipi. Neno hili kwetu linabeba mizigo miwili: kodi ya serikali na kodi ya pango. Mama mwenye genge Kilombero akisema amelipa kodi, huenda ni pango la chumba, huenda ni ushuru wa soko, huenda ni kweli amelipa Mamlaka ya Mapato (TRA).

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii niliona kwenye daftari la mteja mstari umeandikwa "kodi 1,200,000", nikauweka kama kodi ya mapato iliyokwisha kulipwa. Kumbe ilikuwa pango la fremu la mwaka mzima. Vitu hivi viwili haviendi sehemu moja: pango la biashara ni gharama inayopunguza faida, kodi ya mapato si gharama hata kidogo. Inakuja baada ya faida kujulikana. Tangu siku hiyo naandika "pango" kwa pango, na "kodi" naiachia TRA.

2. Mapato yanayotozwa kodi ni yapi?

Sheria inayagawa mafungu matatu: ajira, biashara na uwekezaji. Mshahara, posho na marupurupu ni ajira. Duka, saluni, kazi ya uwakala na ada ya ushauri ni biashara. Gawio, riba na pango analopokea mwenye nyumba kwa kawaida ni uwekezaji.

Fungu likikosewa, kila kinachofuata kinakosewa. Fundi gereji aliyeajiriwa hawezi kudai gharama ya spana zake kama anavyodai fundi mwenye gereji yake, ingawa wote wawili wanashika spana zilezile. Hivyo swali la kwanza kwa mteja ni pesa hii imetoka wapi na kwa makubaliano gani. Kiasi unauliza baadaye.

3. Mauzo na faida vina tofauti gani kwenye kodi?

Mauzo ghafi ni pesa yote iliyoingia kwa kuuza, kabla ya kutoa chochote. Faida ni kinachobaki baada ya kutoa gharama zinazokubalika. Mfanyabiashara mdogo anatozwa kwa mauzo (swali la 11), kampuni inatozwa kwa faida. Ndiyo maana mwenye duka dogo anaweza kupata hasara na bado akadaiwa, na si kwamba afisa amemwonea.

4. Nani ni mkazi kwa ajili ya kodi?

Uraia hauhusiki. Mtu ni mkazi akiwa na makazi ya kudumu Tanzania na akawepo nchini wakati wowote wa mwaka huo, au akikaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, au wastani wa siku zake kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia ukizidi 122. Kwa Moshi swali hili linakuja sana kwa wageni wa kujitolea waliogeuka waajiriwa. Omba pasipoti, hesabu mihuri, usikubali "nimekaa kama miezi sita hivi". Mkazi kwa kawaida anatozwa kwa mapato yake ya popote duniani, na mwajiriwa asiye mkazi anakatwa 15% bila kupitia jedwali la swali la 5.

## Mshahara

5. PAYE, kodi anayokata mwajiri kwenye mshahara, inakokotolewaje?

Jedwali la mwezi kwa mkazi wa Tanzania Bara ni hili. Mpaka 270,000 hakuna kodi. Kuanzia hapo mpaka 520,000 ni 8% ya kilichozidi 270,000. Mpaka 760,000 ni 20,000 jumlisha 20% ya kilichozidi 520,000. Mpaka 1,000,000 ni 68,000 jumlisha 25% ya kilichozidi 760,000. Zaidi ya 1,000,000 ni 128,000 jumlisha 30% ya kilichozidi milioni hiyo.

Kosa la kawaida ni kusahau kutoa mchango wa mwajiriwa wa hifadhi ya jamii kabla ya kuingia kwenye jedwali. Chukua mhudumu wa mapokezi anayelipwa 900,000. Mchango wake wa NSSF wa 10% ni 90,000, inabaki 810,000. PAYE ni 68,000 jumlisha 25% ya 50,000, yaani 80,500, na mkononi anapata 729,500. Ukisahau NSSF utamkata 103,000. Ni 22,500 kila mwezi, 270,000 kwa mwaka, na siku akigundua hatakuja na chai.

6. Mfanyakazi anaogopa nyongeza ya mshahara kwa sababu "ataingia kwenye 30%". Ni kweli atapata pungufu?

Hapana. Asilimia inagusa kile kilichozidi mpaka wa ngazi tu. Kinachotozwa kodi kikipanda kutoka 1,000,000 hadi 1,050,000, ni ile 50,000 inayokatwa 30%. Milioni ya chini inabaki na kodi yake ileile ya 128,000.

7. Mkopo wa HESLB, SDL na WCF vinaingia wapi?

Makato ya HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu), 15% ya mshahara wa msingi, hutolewa baada ya PAYE na hayapunguzi mapato yanayotozwa kodi. Yule wa swali la 5, kama 900,000 yote ni mshahara wa msingi na ana mkopo, atakatwa 135,000 zaidi na kubaki na 594,500. SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) na WCF (mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) ni mzigo wa mwajiri. Ukiviona vimekatwa kwenye hati ya mshahara, mwajiri amehamishia deni lake kwa mfanyakazi. SDL inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi.

8. Posho, nyumba na gari la ofisi vinatozwa?

Posho ya nyumba, ya usafiri, ya muda wa ziada, zote ni mapato ya ajira. Kuiita "posho" hakuiondoi kwenye kodi, ingawa waajiri wengi hapa mjini bado wanaamini hivyo.

Gari analotumia mfanyakazi kwa mambo yake linathaminiwa kwa ukubwa wa injini na umri wa gari. Lenye injini ya zaidi ya cc 3,000 na umri usiozidi miaka 5 huongeza 1,500,000 kwa mwaka kwenye mapato yake. Likizidi miaka 5 ni 750,000. La cc 1,000 au chini ni 250,000 na 125,000. Mwajiri asipodai gharama za gari hilo kwenye hesabu zake, kiasi hiki hakiongezwi. Waandaaji wengi hawaulizi hili la mwisho.

9. Mkataba unasema "milioni moja mkononi". Nafanyaje?

Unarudi kinyumenyume. Kinachotozwa kodi tukiite K. Mkononi ni K kutoa 128,000 kutoa 30% ya kilichozidi milioni, ambayo ukiifungua inakuwa 70% ya K jumlisha 172,000. Ili ifike 1,000,000, K ni 1,182,857. Kwa kuwa hiyo ni 90% ya mshahara ghafi baada ya NSSF, ghafi ni 1,314,286. Hakiki: NSSF 131,429, PAYE 182,857, mkononi 1,000,000.

Mweleze mwajiri namba hii kabla hajasaini. Nimeona mwenye mgahawa akidhani gharama yake ni milioni moja, akaja kukuta ni zaidi ya milioni 1.4 ukiongeza mchango wake mwenyewe wa NSSF wa 10%.

10. Mtu ana waajiri wawili. Nani atumie jedwali?

Mwajiri mkuu anatumia jedwali. Wa pili anakata 30% moja kwa moja, kwa sababu ile 270,000 isiyotozwa imeshatumika kwa wa kwanza. Mwalimu anayefundisha jioni chuo kingine atalalamika, na malalamiko yake yana haki kama mshahara mkuu ni mdogo. Dawa yake ni ritani ya mwisho wa mwaka inayojumlisha vyote, si kumwomba mwajiri wa pili ajifanye wa kwanza.

## Mfanyabiashara mdogo

11. "Makadirio" maana yake nini hasa?

Neno hili limewachanganya watu kuliko kiwango chochote, kwa kuwa tunalitumia kwa mambo matatu.

Makadirio ya kwanza ni ya mfanyabiashara mdogo: mtu binafsi mkazi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100, mpaka uliopandishwa mwaka 2019 kutoka milioni 20. Yeye anatozwa kwa jedwali la mauzo na kulipa kwa awamu nne. Makadirio ya pili ni ya kampuni au mfanyabiashara mkubwa, ambaye mwanzoni mwa mwaka anajikadiria mwenyewe kodi ya faida atakayopata. Haya yapo kwenye swali la 19. Ya tatu ni hati inayotolewa na Kamishna wa TRA anapokutathmini yeye, pengine kwa kuwa hukuleta ritani. Hii ya tatu ina saa inayotembea (swali la 21).

Mteja akikupigia akisema "nimeletewa makadirio", mwambie akutumie picha ya karatasi kabla hujamjibu lolote.

12. Kutunza kumbukumbu kunampunguzia mdogo kodi kweli?

Kweli, na hesabu inaonyesha. Kwa jedwali la 2019, mauzo yasiyozidi 4,000,000 hayana kodi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa 3% ya kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye nazo ni 250,000. Mwenye nazo ni 90,000 jumlisha 3% ya kilichozidi milioni 7.

Tuseme mama anauza dagaa Mbuyuni, Moshi, na kwa mwaka ameuza 9,000,000. Bila daftari ni 250,000. Akiwa na daftari ni 90,000 na 60,000, jumla 150,000. Hata angefika karibu kabisa na milioni 11, mwenye daftari asingevuka 210,000. Daftari lenyewe si la kitaalamu: tarehe, alichouza, alichonunua, na risiti zimebanwa nyuma. Zitunzwe miaka 5.

13. Nani haruhusiwi kutumia jedwali la mauzo?

Kampuni, hata iwe na mauzo ya laki mbili. Na watu wanaotoa huduma za kitaalamu, za kiufundi, za usimamizi, ujenzi na mafunzo. Sisi waandaaji tumo humohumo. Kila mwaka nakutana na kijana anayewafanyia wateja hesabu vizuri halafu yeye mwenyewe amejiweka kwenye jedwali la mama wa dagaa.

14. Mteja anataka kufungua kampuni BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) "ili apunguze kodi". Nimshauri nini?

Mpigie hesabu kwanza. Chukua mtu mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 100 na faida ya 10,000,000. Akiwa mtu binafsi, faida yake inapita kwenye ngazi za swali la 5 zikizidishwa mara 12: 3,240,000 za kwanza bure, kisha 240,000, kisha 576,000, kisha 220,000. Jumla ni 1,036,000. Faida hiyohiyo ikiwa ya kampuni inatozwa 30% kuanzia shilingi ya kwanza, yaani 3,000,000, na akijigawia ile 7,000,000 iliyobaki kama gawio, kodi ya zuio ya 10% (swali la 17) inachukua 700,000 nyingine. Kampuni ina sababu zake nzuri, kama zabuni, wabia na mikopo, ila mtu wa faida ndogo asiifungue kwa ajili ya kodi.

## Gharama

15. Gharama zipi zinakubalika?

Zile zilizotumika zote na kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo tu. Ada ya shule ya watoto, chakula cha nyumbani, faini na kodi ya mapato yenyewe hazimo. Watoto hawampunguzii mtu kodi hapa kwetu, awe na mmoja au tisa. Michango ya harusi nayo hapana, hata kama kamati ilikuchangisha ukiwa dukani. Misaada kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa inakubalika kwa mipaka.

Kwa mazoea ya ukaguzi, gharama isiyo na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kielektroniki) ndiyo huwa ya kwanza kukatwa. Mteja akileta karatasi ya mkono yenye "mafuta 80,000", mrudishe akaombe risiti wiki hiyohiyo. Baada ya mwaka hakuna kituo kitakachomkumbuka.

16. Kampuni ya utalii imenunua Land Cruiser. Bei yote ni gharama ya mwaka huo?

Hapana, bei ya mali ya kudumu inaingia kidogokidogo kama uchakavu. Magari ya abiria chini ya 30 yapo daraja la kwanza, pamoja na kompyuta, kwa 37.5% ya thamani iliyobaki. Gari la safari la 80,000,000: mwaka wa kwanza 30,000,000, wa pili 18,750,000, wa tatu 11,718,750. Samani za ofisi ni 12.5%. Uchakavu ulioandikwa kwenye hesabu za kampuni unarudishwa kwanza kwenye faida, kisha unatoa huu wa kisheria. Usitoe vyote viwili.

## Kodi ya zuio

17. Zuio ni kodi nyingine tofauti?

Mara nyingi ni kodi ya mapato ileile, imekusanywa mapema kupitia mlipaji. Biashara inayolipia huduma ya mkazi inazuia 5%, ya asiye mkazi 15%, pango 10%. Kiasi kilichozuiwa kinapelekwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, sawa na PAYE. Kuna zuio la mwisho, kama lile la riba ya benki kwa mtu binafsi mkazi: likishakatwa hesabu imefungwa. La huduma si la mwisho. Mwongoza watalii aliyekatwa 100,000 kwenye 2,000,000 anaitoa hiyo 100,000 kwenye kodi yake ya mwaka.

18. Mlipaji amekata lakini hatoi hati ya zuio. Tunafanyaje?

Bila hati, makato hayo ni hadithi. Hoteli moja ilimkata mteja wangu mwaka mzima, kila nikienda mhasibu yuko "field". Mwishowe tukagundua pesa haikuwa imepelekwa kabisa. Sasa namshauri kila mteja aombe hati siku anapolipwa, na adai kwa maandishi asipopewa.

## Ritani, adhabu na pingamizi

19. Tarehe za kukumbuka ni zipi?

Kwa hesabu zinazoishia Desemba 31: makadirio ya kampuni yanawasilishwa ifikapo Machi 31, na awamu zinalipwa Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Ritani ya mwaka ni ndani ya miezi sita, yaani Juni 30 inayofuata, na ya kampuni huambatana na hesabu zilizokaguliwa.

Kampuni za utalii zina taabu yake: Machi hakuna anayejua msimu wa Julai hadi Oktoba utakuwaje. Kadiria kwa busara, kisha rekebisha makadirio katikati ya mwaka ukiona magari hayalali. Makadirio yakibaki chini ya 80% ya kodi sahihi, riba inahesabiwa.

20. Mteja hakufanya biashara mwaka mzima. Alete ritani?

Alete, hata ya sifuri, au aijulishe TRA kwamba amesimama. Adhabu ya kuchelewa huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi: 2.5% ya kodi ambayo haijalipwa, au pointi 5 kwa mtu binafsi na 15 kwa kampuni (pointi ni kiasi cha shilingi kilichowekwa kisheria), kinachozidi ndicho kinatumika. Hivyo kampuni iliyolala miaka mitatu inadaiwa hata kama haikuuza pipi. Mwajiriwa mwenye mshahara tu wa mwajiri mmoja halazimiki.

21. Makadirio ya Kamishna ni makubwa mno. Tunapinga vipi?

Kwa maandishi, ndani ya siku 30 tangu yalipomfikia, ukieleza sababu moja moja na vielelezo. Lazima alipe kiasi asichobishania au theluthi moja ya kodi yote, kipi ni kikubwa. Asiporidhika na uamuzi, anakwenda Bodi ya Rufaa za Kodi, kisha Baraza, kisha Mahakama ya Rufani. "Nilikuwa nasubiri kuongea na afisa" haisimamishi hizo siku 30.

## Yenye utata

22. Wapagazi wa mlimani ni waajiriwa au watoa huduma?

Angalia kazi inavyokwenda. Kampuni inamwita mpagazi alfajiri Machame getini, inampimia mzigo, inampangia kambi za kulala na malipo ya siku. Huyo ni mwajiriwa wa muda, na malipo yake ya mwezi yanapita kwenye jedwali la swali la 5. Wengi watakuwa chini ya 270,000, ila orodha ya majina iwepo. Bakshishi inayopitia kampuni na kugawiwa na mshahara iingize humo. Mwongozaji mkuu anayekuja na TIN yake (namba ya mlipakodi), anakubaliana bei na kutoa ankara kwa kampuni tano tofauti yuko kwenye swali la 17. Mwajiri hachagui fungu kwa kuangalia lipi lina asilimia ndogo.

23. Mteja anafanya kazi kwenye taasisi ya kimataifa Arusha na anasema hatozwi. Nimwamini?

Omba barua. Msamaha unatokana na kinga na haki alizopewa mtu huyo kisheria, kwa kiwango kilichotajwa, na haumfuati kila aingiaye getini. Mlinzi aliyeajiriwa na kampuni ya ulinzi, mpishi wa mzabuni na dereva wa kukodi wanakatwa kama kawaida. Na hata mwenye msamaha wa mshahara, nyumba anayopangisha Sakina haimo kwenye msamaha huo.

24. Mteja anataka niandike mauzo pungufu. Nimjibuje?

Mimi sibishani. Nachapisha ripoti za mashine yake ya EFD za miezi 12, najumlisha mbele yake, namwonyesha jumla. Mashine hiyo inatuma taarifa zake TRA kila siku, kwa hiyo namba anayotaka kuificha ilishafika kabla yake. Kisha namwomba asaini chini ya jumla hiyo kabla sijafungua ritani. Akikataa kusaini, namrudishia faili lake.